Maswali na majibu: Fundi alisema 15,000, mbona imefika 58,000?

Wiki hii barua karibu zote ni za baiskeli, na karibu zote zimeandikwa kwa hasira. Nimechukua tano.

Nilipeleka baiskeli ya gia ya mwanangu kwa fundi hapa Pasua. Tukapatana sevisi 15,000. Jioni naambiwa 58,000. Nimepigwa? (Mama wa Pasua, Moshi)

Pole, mama. Nimeisoma ile karatasi ya fundi uliyoipiga picha: ufundi 15,000, cheni 14,000, friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma yanayovutwa na cheni) 18,000, waya za breki na gia 6,000, raba za breki 5,000. Hesabu yake haina kasoro. Ile 15,000 haikupanda hata shilingi moja. Kilichotokea ni kwamba mlitumia neno moja, "sevisi", kila mtu na maana yake. Kwako ni baiskeli itoke inatembea. Kwake ni kufungua, kuosha, kupaka grisi na kukaza. Spea ni juu ya mwenye mali.

Hilo halimsafishi. Alipoona spea zinafika 43,000, karibu mara tatu ya ufundi wenyewe, alitakiwa akupigie kabla hajakanyaga dukani. Hapo ndipo alipokukosea, na una haki ya kumwambia.

Sasa cheni na friwili, maana najua ndizo zinazokuuma. Zilihitajika kweli? Unaweza kupima mwenyewe, mradi cheni ya zamani bado ipo. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Chukua futi ya chuma, si rula ya mtoto, kwa sababu ile inaishia sentimita 30 na inchi 12 ni 30.5. Nyoosha cheni, weka alama ya mwanzo katikati ya pini moja, kisha uangalie inchi ya 12. Kwenye cheni mpya alama hiyo inaangukia katikati ya pini nyingine, sawasawa. Pini ikiwa imesogea mbele milimita moja na nusu hivi, cheni imechoka, ibadilishe peke yake uokoe friwili. Ikifika milimita tatu, umechelewa: meno ya friwili yameshalika kwa kufuata cheni iliyolegea, na ukifunga cheni mpya juu yake itakuwa inaruka kila mtoto anapokanyaga kwa nguvu.

Na mwambie mwanao aache kuimwagia cheni oili chafu ya gari. Oili ile ikichanganyika na vumbi letu la kiangazi inakuwa msasa wa maji, inasaga cheni usiku na mchana.

Fundi alininunulia tairi la inchi 26, halikuingia. Akanunua jingine, pia 26, likaingia. Anataka nilipe yote mawili. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Lipa moja. Inchi 26 ni jina tu, na matairi yanayolitumia si ya kipimo kimoja. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba ndogo za milimita, kama 54-559 au 37-590. Namba iliyo baada ya kistari ndiyo kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. 559 ni la baiskeli nyingi za milimani, 590 ni la baadhi ya zile za mjini zenye tairi jembamba. Zinapishana milimita 31, huwezi kulazimisha hata kwa spana tatu. Inchi 28 nazo ni vivyo hivyo, kuna 622 na kuna 635 ya yale mabaiskeli makubwa ya wazee. Kusoma namba hiyo ni kazi ya fundi, labda kama wewe ndiye uliyemtuma "leta 26" bila kumwachia baiskeli. Kama ulimwachia, tairi la kwanza alirudishe dukani yeye.

Nimekataa kulipa nyongeza, fundi amezuia baiskeli. Anaruhusiwa? (Kijana wa Njoro, Moshi)

Kwa kazi mliyopatana, ndiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyekifanyia kitu kazi ya ufundi akishikilie hadi alipwe ujira wake. Kwa kazi ambayo hukumwagiza, hoja yake inalegea sana. Lipa yale mliyokubaliana, mbele ya shahidi, akuandikie, kisha mbishane kuhusu zilizobaki. Mkishindwa, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Wapo watakaokuambia uende Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinacholinda walaji. Kweli sheria yake ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, lakini kwa ugomvi mdogo kama huu, anza na mtaa.

Mimi ni fundi, Ngaramtoni. Wateja wananiita mwizi kila bei ikibadilika. Baiskeli nitaijuaje kabla sijaifungua? (Fundi)

Huwezi kuijua, kaka, na mimi niko upande wako nusu. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, inalia kidogo tu, mteja anasema "weka grisi". Unafungua, gololi tisa za kila upande zimetoka vipele, na kikombe zinamozungukia kimechimbika. Ukiweka gololi mpya kwenye kikombe kile, mwezi hauishi atakuwa amerudi, na atakuita mwizi vilevile.

Nusu nyingine niko na mteja, kwa sababu yalinikuta. Niliacha baiskeli kwenye karakana moja mjini Arusha wanishushie siti, 3,000. Bomba la siti lilikuwa la alumini, fremu ya chuma, vimegandana kwa miaka ya mvua. Wakalikata kwa msumeno kutwa nzima, wakanunua jingine, wakanidai 25,000. Kazi ilikuwa halali. Ila mimi ningeambiwa saa nne asubuhi ningesema liacheni, nitaendesha hivyohivyo na magoti yangu.

Basi taja bei mbili tangu mwanzo: "kufungua na kuangalia ni kiasi hiki, hiki nakidai hata ukikataa kuendelea, nikikuta zaidi napiga simu." Mteja asipopokea, funga, subiri. Picha ya gololi zilizooza kiganjani mwako, ukimtumia, inafanya kazi kuliko maneno mia.

Niliomba spea za zamani, fundi akanipa zimefungwa kwenye gazeti. Nizifanyie nini? (Dada wa Kiborloni)

Zipime kwanza, ile cheni hasa. Kisha kauze chuma chakavu, ila usitegemee zitarudisha hata hela ya raba za breki.