Maswali ya Wasomaji: Je, rada ya ndege ingekiona kisulisuli cha Nyumba ya Mungu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilikwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kuchukua perege kwa shemeji yangu anayevua pale. Saa nane mchana, jua linawaka, tukaona mkonga mweupe umening'inia kutoka wingu jeusi hadi bwawani, na chini yake maji yanatimka. Ulikaa kama dakika kumi, ukakatika. Wavuvi wanasema ni joka linakunywa maji. Ndege inayokuja kutua KIA ingeuona kwenye rada?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hicho ni kisulisuli cha maji, na kwa rada ya ndege ya abiria nakujibu: isingekiona. Nimezitengeneza rada hizo miaka mingi. Ukifungua pua ya ndege unakuta sahani bapa yenye mipasuo myembamba, inageuka kushoto na kulia bila kuchoka. Hutuma mawimbi ya redio, na yanayoyarudisha ni matone ya mvua. Mvua ndogo rubani anaiona kijani, kubwa nyekundu. Sasa, mwale wa mawimbi hayo wenye upana wa digrii 3, ukifika kilomita 40 umeshatanuka kilomita 2, na mkonga wenu labda haukufika hata mita 50. Tena visulisuli vya jua kali huzaliwa chini ya wingu linalokua, mara nyingi mvua haijashika.

Kwa hiyo watafiti humwinda mama, yaani lile wingu. Ndege za utafiti za P-3 za Marekani zina rada mkiani, inazunguka duara zima na kulikata wingu kutoka chini hadi juu. Hiyo ni rada ya Doppler: inapima pia mwendo wa matone. Nikiwa barazani kwangu Usa River, basi la Moshi likipita linapiga honi, sauti ni nyembamba likija na inakuwa nzito likishapita. Rada husikiliza badiliko kama hilo kwenye mawimbi yake.

Lakini inajua kuja na kwenda tu. Tone linalokatiza mbele ya mwale halijulikani kasi yake. Dawa yake naipenda sana: mwale mmoja unaelekezwa mbele kidogo, kama digrii 20, mwingine nyuma vivyo hivyo. Ndege inapita kando ya wingu kwa mstari ulionyooka. Sehemu iliyo umbali wa kilomita 10 inaangaliwa na mwale wa mbele, na baada ya dakika moja hivi na ule wa nyuma. Ukiunganisha pande hizo mbili unapata upepo wenyewe: unapanda wapi, unashuka wapi, unazunguka wapi. Hivyo ndivyo lilivyopimwa wingu moja lililozaa kisulisuli katika Pasifiki ya magharibi, wakati wa utafiti mkubwa wa 1992 na 1993. Uchambuzi wa mtafiti Johannes Verlinde ukachapishwa 1997.

Mkonga wenyewe bado ulihitaji macho. Mtafiti Joseph Golden aliufuata kwa ndege ndogo kwenye visiwa vya Florida Keys, Marekani, na mwaka 1974 akaeleza hatua zake tano. Ya kwanza ni doa tu juu ya maji, wakati mkonga haujaonekana bado. Nawaomba wavuvi walishike hilo kuliko la joka. Maji ya bwawa hayanywewi: yanayotimka huishia karibu na uso wa bwawa, na weupe mliouona ni mvuke wa hewani uliopoa ukawa matone, kama ukungu wa asubuhi kule Marangu.

Shemeji yako akiona duara la maji yanayotimka chini ya wingu linalopanda, asingoje mkonga ushuke. Atazame duara hilo linaelekea wapi, kisha aukatize mtumbwi pembeni mwa njia yake, asijaribu kulikimbia kwa kulitangulia. Nyavu aziache.