Kipengele Kipya cha Lugha ya Programu Kibishe Hodi Kwanza

Msomaji mmoja anayeunda lugha yake ndogo ya programu ameniandikia akiuliza namna ya kuingiza neno jipya katika lugha hiyo bila kuwaudhi watu wachache wanaoitumia. Jibu langu ni fupi, ingawa nililipata kwa njia ndefu: mtumiaji ndiye achague siku ya kuhama, na achague kwa ajili ya mradi wake peke yake.

Katika kazi yangu ya awali tuliandika kanuni za hesabu kwa lugha ya ndani iliyotunzwa na kitengo kingine. Toleo jipya lilipofika, neno tulilokuwa tumelitumia kama jina la kigeu (yaani jina linalobeba thamani fulani) katika faili nyingi lilikuwa limefanywa amri ya lugha, na mfumo mzima ukagoma. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba kipengele hicho kilikuwa kizuri. Sikuwahi kukanusha uzuri wake. Nilichouliza ni nani aliyetupangia siku, na swali hilo halijajibiwa hadi leo.

Lugha kubwa nazo zimepita hapo, na neno async, linalotumika kuandika kazi zinazoweza kusubiri bila kuzuia nyingine, linaonyesha tofauti vizuri kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua. Python ililifanya neno hilo kuwa lake kabisa katika toleo la 3.7, mwaka 2018, baada ya kutoa ilani mapema. Hata hivyo, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) zilizokuwa zikilitumia kama jina la kawaida hazikuweza kusomwa na toleo hilo mpaka zirekebishwe. Mwaka huohuo Rust nayo ililitwaa neno hilohilo, lakini kwa wale tu waliotangaza katika mradi wao kwamba wanafuata mkupuo wa 2018, yaani seti ya kanuni za lugha ambayo kila mradi hujichagulia. Aliyebaki na mkupuo wa 2015 aliendelea kuliita jambo lake async akipenda, akitumia kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa kompyuta) ileile mpya, na maktaba za mikupuo yote miwili ziliungana katika programu moja. Aliyetaka kuhama alipewa amri ya cargo fix, inayomrekebishia sehemu kubwa ya msimbo. Ilani ni jambo jema, lakini mwenye kupewa ilani bado hajapewa hiari.

Nilipokabidhiwa lugha ya ndani kama ile ya awali kuitunza mwenyewe, niliiga utaratibu huo wa Rust bila haya, na nakiri kwamba najivunia matokeo yake. Kila mradi ulitaja toleo unalolifuata, na kabla ya kuhama kompaila ilitaja faili na mstari utakaoguswa. Watu hawasomi matangazo marefu. Husoma onyo linalotaja mstari walioandika wao. Lugha ya Go ilifanya jambo linalokaribiana na hilo ilipobadilisha maana ya kigeu cha kitanzi, yaani kigeu cha sehemu ya msimbo inayorudiwarudiwa: toleo la 1.21 la mwaka 2023 liliruhusu majaribio, na toleo la 1.22 la Februari 2024 likabadilisha maana hiyo kwa miradi tu ambayo faili yake ya go.mod, inayotaja toleo la lugha ambalo mradi unafuata, inataja 1.22 au zaidi. Msimbo wa zamani ulibaki na maana yake ya zamani.

Enyi mnaounda lugha, jifunzeni pia kukubali kukataliwa. Java huweka vipengele katika hali ya majaribio, ambavyo havifanyi kazi mpaka mtumiaji aviwashe kwa makusudi, na si maonyesho matupu: violezo vya matini (njia ya kupachika thamani ndani ya maandishi) vilivyojaribiwa katika Java 21 na 22 viliondolewa katika Java 23, mwaka 2024, kwa sababu muundo wake haukuwaridhisha waundaji wenyewe. Mimi nami niliondoa kipengele nilichokiandika kwa mkono wangu baada ya watumiaji kukijaribu na kukiacha, na kwa kuwa hakuna mradi uliokuwa umelazimishwa kukitegemea, toleo lililofuata lilitoka bila mtu yeyote kurekebisha hata mstari mmoja.