Kibao shingoni, baba getini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kiingereza tulicholetewa na mkoloni, tuendelee kukifundishia sekondari?" Mimi nauliza kwanza: ni nani aliyekining'iniza shingoni mwetu?

Mjerumani alitawala Tabora kwa Kiswahili, akida na karani wakiandikiana kwa Kiswahili. Mbelgiji akauteka mji Septemba 1916, baadaye akampisha Mwingereza. Naye hakukigawa Kiingereza kwa kila mtu. Shule ya Serikali ya Tabora, alikosoma Nyerere, ilianzishwa miaka ya 1920 ikilenga hasa watoto wa machifu. Mwaka 1967 tuliamua shule ya msingi iwe ya Kiswahili. Sekondari tukaiacha kama tulivyoikuta, na hapo Mwingereza hayupo tena.

Nilikuwa kidato cha pili, shule siitaji. Aliyenaswa akisema Kiswahili alivishwa kibao cha mbao kwa kamba ya katani, akae nacho hadi amnase mwenzake. Kinyamwezi ndiyo kabisa. Baba akaja kwa baiskeli, kabeba michembe na chupa ya asali. "Mwangaluka," akanisalimia kwa Kinyamwezi. Kiranja alikuwa chini ya mwembe, hatua chache tu. Nikainamisha kichwa, kimya. Baba akanishika paji la uso, akidhani naumwa.

Kisha akatoa mfukoni karatasi ya dawa ya tumbaku. Kiingereza kitupu. Nyumbani hawakujua wachanganye kiasi gani kwenye pampu, wakaona mwenye kujua ni mimi. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, vipimo nikavirudia mara mbili. Kuna maneno sikuyajua, nikayaruka, na hilo linaniuma mpaka leo. Baba hajapanda baiskeli, kibao kikawa shingoni mwangu. "Hicho cha nini?" Nikamwambia ni zamu yangu ya usafi.

Nilishika kalamu niandike Kiingereza kiondolewe. Karatasi ile imenirudisha nyuma. Kibaki, ila kibaki somo, kwa mwalimu anayekimudu, bila kibao. Baiolojia na hesabu tusome kwa Kiswahili, mradi vitabu viandikwe kwanza. Bila vitabu, bora tungoje kuliko kuwaharibia watoto. Vyuo vikuu sivisemei, sikufika huko. Lakini dawa inayouzwa Urambo na Kaliua iandikwe Kiswahili, na hili halihitaji kungoja sera yoyote.

Msomaji, Tabora