Maswali yenu: Protini S yangu iko chini, je nina ugonjwa wa kurithi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 31, nimejifungua mtoto wa pili miezi miwili iliyopita. Wiki ya tatu baada ya kujifungua mguu wa kushoto ukavimba mpaka pajani, unauma, wa moto, mi nikajua ni mambo ya uzazi tu yatapita, ila mama akaning'ang'aniza twende hospitali, wakapiga ultrasaundi wakakuta damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja. Nikachomwa heparini halafu nikaanzishiwa warfarini, zote dawa za kuzuia damu isigande. Siku kumi baadae wakanitoa damu wakasema wanatafuta chanzo, jibu limekuja protini S ni asilimia 38, nikaambiwa nina ugonjwa wa kurithi wa damu nzito, dawa ni za maisha yote na wadogo zangu wote wakapimwe. Dokta silali. Hata kunyonyesha naogopa. Halafu mama ndo ananiambia sasa hivi kwamba hata yeye alivimba mguu hivyohivyo alipomzaa mdogo wangu, hakuwahi kupimwa. Hivi ni kweli naumwa maisha?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa mtoto. Nianze na la haraka: nyonyesha. Warfarini haiingii kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, heparini hivyohivyo, kwa hiyo hilo litoe moyoni leo.

Sasa hiyo asilimia 38. Kwa kweli nimesoma barua yako nikasikitika, maana kipimo chenyewe ni kizuri ila kimechukuliwa wakati ambao hakiwezi kusema ukweli. Protini S na mwenzake protini C ni breki za damu, yaani damu ikianza kuganda pale ulipojikata hizi ndo zinaiambia basi, imetosha. Ini linazitengeneza kwa kutumia vitamini K, na warfarini inafanya kazi kwa kuizuia hiyohiyo vitamini K, sasa ukimpima mtu protini S yuko kwenye warfarini lazima utaikuta chini, ni dawa inafanya kazi yake. Hiyo ni moja. Ya pili, mimba yenyewe inaishusha protini S, tena sana, na baada ya kujifungua inachukua wiki kadhaa kurudi ilipokuwa. Ya tatu, donge lenyewe la damu iliyoganda likiwa bichi linakula hizo breki. Wewe ulikuwa na vyote vitatu siku moja! Ningeshangaa kama ingekuja kawaida.

Lakini usinielewe vibaya, sijasema huna. Nilichosema ni kwamba hiyo karatasi haijui. Kinachonifanya mimi nisilifunge hilo faili ni mstari wako wa mwisho kuhusu mama, huo kwangu una uzito kuliko namba yoyote ya maabara, na inaelekea hakuna aliyekuuliza. Kaa na mama umuulize taratibu: ulikuwa mguu mmoja au yote? Ulivimba ghafla? Mguu umebaki mzito au ngozi ya kifundo imekuwa nyeusi mpaka leo? Kuna shangazi, mjomba, babu aliyevimba mguu au kufa ghafla kwa kukosa pumzi kabla ya miaka 50? Na wewe mwenyewe, umewahi kupoteza mimba? Yaandike yote uende nayo kliniki.

Swali la mimba kuharibika nauliza kwa sababu kuna hali ambayo mwili unatengeneza kingamwili zinazofanya damu igande ovyo, zinaitwa kingamwili za antifosfolipidi, hizo hazirithiwi kwa njia ya kawaida ila zinaleta madonge na kuharibu mimba, na nazo haziaminiwi kwa kipimo kimoja, lazima kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi na ziwepo bado. Tena baadhi ya vipimo vyake vinavurugwa na dawa za kuzuia kuganda, kwa hiyo waambie maabara unatumia nini. Kipimo ambacho hakijali wakati ni cha jeni tu, kama cha Faktori V Leiden, hitilafu ya jeni inayofanya damu igande kirahisi, iliyogunduliwa mwaka 1994 kwenye mji wa Leiden kule Uholanzi, ila hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa wenye asili ya Afrika ni nadra sana, na wengi wanaoibeba hawapati donge lolote maisha yao yote.

Na hili neno "damu nzito" naomba tuliache, linawatisha watu bure. Damu yako si nzito kama uji. Tangu karne ya 19 tunajua mambo matatu yanayogandisha damu pasipotakiwa: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Uzazi unaleta yote matatu. Mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa ya nyonga, kujifungua kunaijeruhi, na mwili unajiandaa kuganda ili usitokwe na damu mpaka ukafa, huo ni ulinzi. Hata kwamba ni mguu wa kushoto si bahati mbaya, mshipa unaorudisha damu kutoka mguu huo unapita nyuma ya ateri ya upande wa kulia ukabanwa nayo, ndo maana wajawazito wengi wakiganda wanaganda kushoto. Kwa hiyo chanzo chako tayari kinajulikana, ni uzazi, na wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndo za hatari kuliko zote. Swali lililobaki ni kama kuna kingine nyuma yake.

Nini kifanyike: maliza dawa zako, si chini ya miezi mitatu, INR, yaani kipimo cha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda, ikae kati ya 2 na 3, usiache mwenyewe hata siku moja kwa ajili ya kipimo. Ukishamaliza, daktari wako akikubali, subiri wiki mbili mpaka sita bila warfarini, usiwe mjamzito, usiwe kwenye vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, ndo protini S irudiwe, waombe wapime ile iliyo huru, yaani isiyoshikamana na protini nyingine kwenye damu. Ikija chini tena, na ikirudiwa bado iko chini, hapo ndo tuongee kurithi na dawa za muda mrefu. Ikija sawa umepona hofu, ila jibu lolote lije, mimba ijayo utahitaji sindano za heparini na warfarini usiitumie ukiwa mjamzito maana inamdhuru mtoto tumboni, na vidonge vya estrojeni kwako basi, tumia kitanzi au vidonge vya homoni moja visivyo na estrojeni. Mdogo wako wa kike pia asisubiri kupimwa ndo aache vidonge vya estrojeni, stori ya mama na ya kwako inatosha.

Ukikosa pumzi ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Baba ana miaka 68, shavu la mguu linauma, D-dima ikaja 640 wakati karatasi inasema mwisho 500. Ultrasaundi ya paja hawakuona kitu. Ana donge au hana?

JIBU: D-dima ni vipande vinavyobaki mwili ukivunja damu iliyoganda, na vinapanda kwa mengi, nimonia, upasuaji, saratani, hata umri. Kwa hiyo ikiwa juu haithibitishi donge, nguvu yake iko ikiwa chini kwa mtu ambaye dalili zake ni hafifu, hapo inakuruhusu kulala. Halafu mtu akishapita miaka 50 madaktari wengi wanazidisha umri mara 10, kwa baba mwisho ni 680 kama maabara yenu inatumia kizio kilekile cha 500, kwa hiyo 640 yake haitishi. Ila mguu bado unauma na mmeangalia paja tu, na donge la kwenye shavu la mguu linaweza kupanda juu ndani ya siku chache. Muulizeni daktari kama ultrasaundi irudiwe baada ya wiki moja, safari hii mguu mzima mpaka kifundoni.