Mboni iliyobaki wazi baada ya pigo

SWALI: Daktari, shikamoo. Naendesha bodaboda Morogoro. Mwaka jana mpira wa kufungia mizigo ulichomoka, ndoano ikanipiga jicho la kushoto. Nilitolewa mtoto wa jicho, nikawekewa lenzi, na ninaona. Ila mboni imebaki wazi, haisinyai. Mchana jua linaniumiza, usiku taa za magari zinatapakaa hadi sioni barabara. Naambiwa mboni inashonwa. Naogopa kupasuliwa tena.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Pigo hilo lilichana msuli mdogo unaozunguka mboni, ulio ndani ya irisi, lile duara lenye rangi. Ukishachanika, mboni haina cha kuifunga.

Ni kweli inashonwa, na jicho halifunguliwi kama unavyowaza. Ukishapigwa ganzi, daktari hutoboa vitundu ukingoni mwa konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, kila kimoja kama milimita 1, na kujaza jeli ili apate nafasi ya kufanya kazi. Kisha hupitisha sindano ndefu yenye uzi wa polipropilini, aina ya plastiki, mwembamba kuliko unywele. Sindano inashika ukingo mmoja wa irisi, inashika wa pili, inatokea ng'ambo. Fundo hufungwa nje ya jicho, likavutwa, likateleza hadi ndani. Fundo hilo la kuteleza lilielezwa na Steven Siepser, Mmarekani, mwaka 1994. Baadaye Amar Agarwal wa Chennai, India, na wenzake walilifupisha: sindano hupita mara moja, uzi ukazungushwa mara nne, basi. Mimi naupenda ufundi huu kwa sababu irisi haisumbuliwi sana.

Uzi hautolewi. Irisi iliyochanika haijiungi kama ngozi, kwa hiyo uzi ndio utakaoishikilia miaka yote. Na kwa kuwa lenzi yako ya asili ilishatolewa, sindano haina pa kukuletea mtoto wa jicho.

Kabla ya kukubali, omba retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaguliwe hadi pembeni, maana mboni ikishabanwa haitatanuka tena vizuri. Presha ya jicho nayo ipimwe, na uendelee kuipima kila mwaka hata ukijiona mzima. Jicho lililopigwa hivyo linaweza kupata glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya kuona, miaka mingi baadaye, bila maumivu yoyote. Hilo linanitia wasiwasi kuliko huo mwanga.

Miwani ya giza vaa mchana tu. Usiku, nakusihi, usibebe abiria mpaka uonwe na bingwa wa macho. Omba rufaa hospitali unayotibiwa, na waeleze kuhusu ndoano.