Baba alijibu "sijambo" kila siku: niliyojifunza nikimuuguza mzazi mwenye saratani ya mapafu

Kwetu Tanga mgonjwa huulizwa hali kwa adabu, naye hujibu kwa adabu. "Hujambo mzee?" "Sijambo." "Umeamkaje?" "Salama, alhamdulillahi." Baba alijibu hivyo kwa miezi, huku saratani ya mapafu imeshafika kwenye mifupa ya kiuno. Usiku kucha amekaa kitako ukingoni mwa kitanda, hawezi kulala chali wala ubavu. Asubuhi tunafika kliniki, daktari anauliza, "Mzee, unaendeleaje?" Baba anavuta pumzi na kusema, "Naendelea vizuri, afadhali ya jana." Tunarudi nyumbani na Panadol.

Nilichelewa kuelewa kwamba baba alikuwa anajibu salamu. Swali lenyewe hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Aliyetufumbua macho ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ile huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na dhiki za ugonjwa. Alikunja ngumi mbele ya baba akamwambia, "Mzee, ngumi ni hakuna maumivu kabisa. Vidole vitano ni maumivu ambayo hujawahi kuyapata maishani. Nionyeshe ya jana usiku." Baba akatutazama mimi na mama, kisha akanyoosha vidole vinne. Mama alitoka nje ya chumba. Miaka arobaini ya ndoa, na hakujua kwamba mumewe analala na vidole vinne.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: acha kumuuliza mzazi hali, muulize vidole. Muulize akiwa ametulia na akijisogeza, maana maumivu ya mfupa hujificha mtu asipotikisika. Muulize yako wapi, na yakoje: yanachoma, yanavuta, au yanapiga kama nyundo? Kisha andika. Mimi nilinunua daftari la shule la kurasa 48, nikachora safu: saa, dawa, vidole, choo, usingizi. Siku ya kliniki nililiweka daftari mezani kabla baba hajaanza kusema yuko vizuri. Daktari alilisoma, akaandika morfini, dawa kali ya maumivu, siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo vita ya nyumbani ilipoanza. Baba mdogo alisema, "Mtamfanya kaka yangu awe teja." Shangazi alisema morfini hupewa mtu wa kufa. Simlaumu yeyote kati yao, hata mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Lakini maneno haya yanawaacha wazazi wetu wakiteseka bure, kwa hiyo nitayajibu kama nilivyojibiwa. Mgonjwa anayekunywa morfini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kinachopandishwa taratibu na daktari, ni nadra sana kuwa mraibu. Kuipata hakumaanishi kwamba siku zake zimekwisha. Uganda, shirika la tiba shufaa la Hospice Africa lilianza mwaka 1993 likitumia morfini ya maji ya namna hii hii, unga uliochanganywa na maji, na wagonjwa huinywa majumbani mwao. Baba aliinywa kwa miezi saba. Kwa miezi mingi kati ya hiyo alikwenda msikitini kwa miguu yake na kusali akiwa kwenye kiti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, na jambo moja ndani yake lingetuokoa mapema: dawa hufuata saa. Haingoji mtu aanze kulia. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Alamu ya simu yangu ililia saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Ile ya saa nne usiku daktari alituelekeza tumpe mara mbili ya kipimo, ili asiamshwe saa nane usiku. Na kama maumivu yakichomoza katikati, kulikuwa na kipimo cha ziada kilichoandikwa. Ulizeni mapema kipimo chenu cha ziada ni kipi, msije mkakisia usiku wa manane.

Siku mbili tatu za mwanzo alisinzia sana na kusikia kichefuchefu. Tuliogopa, ila vyote vilipita. Kisichopita ni choo kigumu. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile morfini inapoanza, usisubiri. Sisi tulisubiri, na siku ya sita baba alikuwa na maumivu ya tumbo kuliko ya mifupa. Papai na maji vinasaidia, lakini peke yake havitoshi. Na morfini isikatwe ghafla, hata akijisikia vizuri. Daktari ndiye anayeshusha. Kama anasinzia kiasi cha kushindwa kuamshwa, au anapumua polepole isivyo kawaida, huo si usingizi wa kawaida, piga simu au mkimbize hospitali.

Pumzi ni habari nyingine. Mtu aliyekosa pumzi anaogopa, na hofu inazidi kumbana. Tulimkalisha mbele ya meza, mto juu ya meza, viwiko juu ya mto, dirisha wazi, feni ndogo ikimpulizia usoni. Mkono mgongoni, maneno machache. Kipimo kidogo cha morfini kilipunguza hata ile njaa ya pumzi. Wakati mmoja ilibidi wamtoe maji yaliyojaa pembeni ya pafu, na jioni ile alikula wali wote kwenye sahani.

Kuhusu tiba yenyewe nitasema machache, kwa sababu kila mgonjwa ana yake. Kwanza, kikohozi cha baba kilitibiwa kama TB ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea, na miezi ikapita. Kama mzazi wako hapati nafuu kwa dawa za TB, omba picha ya CT ya kifua, na ulizia kuchukuliwa kinyama kutoka pafuni kikapimwe kama ni saratani. Baba alikuwa ameacha sigara zamani, lakini watu waliendelea kuuliza "alikuwa anavuta?" kana kwamba jibu lingewapunguzia huzuni. Wapo wasiovuta wanaougua vile vile.

Kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, alipewa kila baada ya siku 21. Nunua kipimajoto. Ikifika nyuzi 38, hata saa tisa usiku, ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu chembe za kinga zinakuwa zimeshuka. Mionzi ya kiuno alipata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mara moja tu. Siku mbili za mwanzo maumivu yalizidi, kisha ndani ya wiki mbili vidole vikashuka hadi kimoja. Na kama mgongo unauma na miguu inalegea au mkojo unagoma kutoka, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpeleke siku hiyo hiyo.

Chakula usimlazimishe. Baba, mtu wa pwani, alishindwa hata harufu ya samaki wa kukaanga. Tulihamishia jiko uani, tukampa uji vijiko vichache, mara nyingi kwa siku.

Wageni nao. Kumjulia hali mgonjwa ni jambo jema, lakini watu kumi chumbani wanamaliza hewa. Dada yangu alikaa barazani, anawapokea, anawapa chai, anawaingiza wawili wawili. Chupa za dawa za mitishamba alizipokea kwa shukrani na kuziweka kabatini mpaka tumuulize daktari, maana nyingine hugombana na kemo.

Mwanzoni tulimficha baba jina la ugonjwa. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mimi nimesoma kibao cha pale mlangoni." Tangu hapo tulizungumza. Alitaja deni la mtu, akasema azikwe karibu na mama yake, akataka mwezi wa Ramadhani tusimwamshe daku kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa.

Alifariki nyumbani, alfajiri, mama amemshika mkono. Baada ya arobaini nilikuta nusu chupa ya morfini kwenye kabati. Jirani aliiomba kwa ajili ya mgongo wake. Nilimwambia hapana, nikaipeleka tulikoichukua, muuguzi akaipima, akaandika kwenye kitabu, tukatia sahihi wote wawili.