Maswali ya Wasomaji: Kompaila Mpya, Asembla Kuukuu

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Nimeweka GCC mpya, ile kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, katika kompyuta yangu ya Linux, lakini kila nikijenga programu ya kuchakata picha, kazi hukwama kwa ujumbe kwamba amri ya vpermd haijulikani. Je, prosesa ni mbovu? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam. Prosesa yako ni nzima. GCC haiandiki lugha ya mashine yenyewe, bali huandika matini ya asembli, yaani amri za prosesa kwa maneno, na kuikabidhi asembla, programu inayoigeuza kuwa lugha ya mashine, ambayo hutoka katika furushi jingine, binutils, na hilo nadhani hukulisasisha. Amri ya vpermd ni ya AVX2, kundi la amri za kuchakata data nyingi kwa mpigo, lililoingia katika prosesa za Intel mwaka 2013, kwa hiyo asembla ya zamani, tuseme ya mwaka 2010, haiwezi kuitambua. Andika as --version kwenye terminali uone toleo la asembla yako. Dawa ya kweli ni kusasisha binutils. Ukishindwa, ongeza -mno-avx2 (chaguo la kuikataza GCC kutumia AVX2) unapojenga, na programu itajengeka, ingawa huenda ikapungua kasi, mradi msimbo wenyewe hauziiti amri hizo moja kwa moja. Tafadhali pia, ukijenga kwa -march=native, chaguo linaloiruhusu GCC kutumia amri zote za prosesa yako, usiwagawie programu hiyo wenzako wenye kompyuta za zamani, kwani programu itakatika palepale itakapofikia amri ambayo prosesa zao hazina.